Kinundu juu ya kofia ya Mjerumani

Ndugu zangu, natangaza rasmi: Kilwa imepata rupia ya Mjerumani isiyomo kwenye kitabu chochote.

Ni ya fedha, ya shangazi yangu wa Somanga. Juu ya kofia ya mfalme ina kinundu. Zangu nne hazina. Maana yake hii iligongwa kwa muhuri mwingine!

Nikatuma picha kwenye kundi letu la wakusanya sarafu. Mmoja akaniita profesa. (Sikumkataza.)

Shangazi akauliza, "Unachungulia nini saa nzima, baba?"

Nikamwonyesha.

"Hiyo si lehemu tu? Ulipokuwa mchanga tulikuvalisha shingoni, kitanzi kikang'oka."

"Shangazi, una hakika?"

Akaikwangua kwa ukucha.

Sasa kundini wanaomba picha ya karibu zaidi. Nishaurini.

Kinundu hakipo tena.