Lwanga Hakuwa "Mmarekani Wetu"

Nimetoka kumzika Lwanga mchana huu na akili bado inakataa. Na si huzuni tu, jamani. Nimekasirika na naandika kwa haraka, kwa hiyo mkiona herufi zimekosewa mnisamehe.

Kwa wasiomjua: Lwanga alikuwa mwalimu na rafiki yangu wa tangu ujana. Miaka ya sabini, wakati wa utawala wa jeshi, tulipanga chumba kimoja Kisugu, hapa Kampala, na kufundisha shule moja chini ya kilima cha Kibuli. Yeye fasihi ya Kiingereza, mimi jiografia.

Leo Mheshimiwa mmoja kasimama mbele ya jeneza na suti yake, akasema, "Tumempoteza Mmarekani wetu. Mtu mpole. Miaka ile migumu alijifungia na vitabu vyake vya Amerika, hakugusa siasa." Watu wakapiga makofi. Makofi!

Hakugusa siasa? Nonsense!

Niliomba niseme maneno machache. MC akaniambia, "Mzee, programme imejaa." Haya, nasema hapa, huku hakuna MC.

Lwanga hakuwahi kukanyaga Amerika. Alifundisha vitabu vyao kwa sababu vilikuwa kwenye syllabus, na kwa sababu ya swali moja. Kila mwandishi wao alipotamba kwamba "sisi ni taifa huru", Lwanga alifunga kitabu akauliza darasa, "Hiyo 'sisi', nani yumo? Nani ameachwa nje?" Wanafunzi wakataja watumwa. Wakataja wenyeji waliofukuzwa kwenye ardhi yao. Uganda, Lwanga hakuitaja hata siku moja. Haikuwa lazima.

Mimi ni mtoto wa polisi kutoka kaskazini, nimekulia kambini, na lugha yangu ni Kiswahili. Kampala ya wakati ule ukisema Kiswahili watu wanageuza uso, maana ndiyo lugha waliyopigiwa kelele nayo na wanajeshi wakiwa chini ya bunduki. Lwanga, Muganda mzima, alizungumza nami Kiswahili hadi sokoni, tena kwa sauti. "Waamerika lifukuza mfalme ya Bangereza, lugha yake libaki nayo," alinicheka. "Na wewe baki na yako. Wewe naogopa nini?"

Kisha Wahindi wakafukuzwa nchini. Darasani kwake alikuwemo Zarina, msichana aliyezaliwa hapa hapa, Kiganda chake kilishinda changu. Dawati likabaki tupu. Asubuhi Lwanga akaita majina kama kawaida, akafika kwa Zarina. Akangoja.

Mwanafunzi mmoja akasema, "Sir, waliondoka." Lwanga akamjibu, "Sikukuuliza wewe. Nimemwita Zarina. Hapa hakuna mtu kumjibia mwenzake."

Ikawa sheria ya darasa lake. Baadaye akafuata Ochen, mtoto wa sajini, ambaye familia yake ilichukuliwa na wanajeshi kutoka kambini na hatukuiona tena. Kila asubuhi Lwanga anaita Zarina, anangoja. Anaita Ochen, anangoja. Ndipo somo linaanza.

Headmaster aliingia staffroom jasho likimtoka. "Kata hayo majina kwenye register! Utatuua sote." Lwanga akamwachia register yake pale mezani. Kesho yake akaita majina yote kwa kichwa.

Wanajeshi walikuja asubuhi, watoto wameketi. Kati ya darasa lake na langu palikuwa na ukuta wa mbao tu, nilisikia kila kitu.

"Wewe mwalimu, kwa nini naita batu hapana iko?"

"Ni wanafunzi wangu, afande."

"Na hii Amerika nafundisha ya nini? Uganda hapana tosha wewe?"

"Uganda natosha, afande. Ndiyo maana mimi naita bote."

Wakamtia kwenye buti ya gari mbele ya wanafunzi wake. Huyo ndiye mtu ambaye hakugusa siasa.

Alirudi, na miaka ile hatukuzoea watu kurudi. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Walichomfanya hakunisimulia, lakini tuliishi chumba kimoja, niliona alivyohangaika na vifungo vya shati.

Nilimsihi. Nikamwambia fundisha mashairi ya maua na ndege, uishi. Akaniangalia. "Ssebo, wewe nataka mimi nifute mutu na mukono yangu?"

Akarudi darasani akaita tena. Sasa kila alipotaja jina, aligeuza kichwa na kuelekeza lile sikio zima kwenye dawati tupu. Akangoja. Watoto wa darasa lile ni wazee leo, na najua baadhi yenu mnasoma hapa. Semeni kama naongopa.

Kwa hiyo Mheshimiwa, shame on you. Na ndugu wa marehemu mliofuta habari hizi kwenye wasifu wake eti "tusifukue mambo", nanyi pia. Mkimwita Mmarekani, mnaondoka na mikono safi. Mkimwita raia wa Uganda, itabidi mseme nani alimtia kwenye buti ya gari, na nani alikaa kimya.

Programme ilipokwisha wakakimbilia magari yao, wengine wanaulizana watakutana baa ipi Kabalagala. Mimi nikabaki kaburini na binti yangu.

Lwanga, nilikuita. Jina lako lote, kwa sauti ya darasani. Binti yangu alinionea huruma, akafungua mdomo aniitikie badala yako. Nikamzuia. Nikageuza sikio kwenye udongo, nikangoja.

Lala sasa, ndugu yangu. Leo walikujibia. Mimi sitakujibia.