Miguu Yote Miwili Juu

Kwa miaka thelathini na minane Wietske Hoekstra, mshona mapazia wa kijiji kimoja cha jimbo la Friesland, alikaa kiti cha nyuma cha baiskeli ya watu wawili. Kuondoka kulikuwa na utaratibu wake. Mumewe, Hylke, alisimama mbele ameipanulia baiskeli miguu, breki amezibana. Wietske alipanda, akaweka miguu yote miwili kwenye pedali, uzito wake wote ukabaki mikononi mwa mwenzake. Kisha Hylke alipaswa kungoja neno "tayari". Hakulingoja hata siku moja. Alisukuma tu, na Wietske akajizoeza kuwa tayari kabla ya kuulizwa.

Mwaka ule, baridi ilipokwisha, macho ya Hylke yalififia, daktari akamkataza usukani. Wietske akahamia mbele. Alitaka jambo moja tu: waendelee kwenda pamoja kila Jumapili kwa dada yake Baukje, kilomita kumi na mbili kando ya mfereji.

Jumapili ya tatu walikuwa wangali mlangoni. Kila aliposhikiwa baiskeli, Hylke alipandisha mguu mmoja, wa pili akauacha chini, nayo baiskeli ikalala ubavu.

"Hylke, leo u abiria!" jirani yao Durk alimpigia kelele toka uani. "Nauli umelipa?"

"Kachunge kuku wako wewe!"

"Weka na huo wa pili, mume wangu," Wietske alisema. "Nimekushika."

"Mikono yenyewe hiyo? Utanibwaga."

"Na mimi je? Miaka yote hiyo niliwahi kukuuliza kuhusu mikono yako?"

"Ah, wewe ulikuwa na mimi. Ulikuwa na la kuogopa?"

Alilisema bila ubaya, na hapo ndipo lilipochoma. Wietske alikumbuka siku ile darajani, Hylke alipoondoka kabla mguu wa mkewe haujafika kwenye pedali, mkewe akavunjika kisigino. Jioni yake Hylke aliwaambia watu kuwa ni upepo.

"Mara ya mwisho. Uko tayari?"

"Tayari."

Wietske akatazama chini. Kiatu kimoja cha mumewe kilikuwa bado kimekanyaga matofali ya njia.

"Basi shuka," alisema.

Hylke akashuka, akidhani wanaanza upya. Wietske akasukuma. Baiskeli ikaondoka moja kwa moja, bila kuyumba.

"Wietske! Na mimi?"

Alikuwa ameshafika mferejini. Hakufurahi; kilichomuuma ni jinsi kuondoka bila mumewe kulivyokuwa rahisi.