Behewa la Nyuma

Nilikuwa bado nasubiri mzigo wangu uwanja wa ndege, huko Ujerumani, sauti ya binti yangu ilipoingia kwenye simu. "Mathe, wamenilaza leo badala ya kesho. Wanasema mtoto amekaa vibaya, watanipasua mchana huu. Kuja na treni vile nilikuelezea. Usikawie, tafadhali. Sitaki kuingia huko ndani peke yangu."

Mtoto huyo hana mazoea ya kuomba. Nilimlelea kwetu mtaa wa Pipeline, ghorofa ya juu kabisa, maji tukiyapandisha ngazi kwa mitungi, na sikuwahi kumsikia akilalamika. Kisha akaenda zake kutunza wazee wa watu ughaibuni, nami kwa miaka nikawa mama wa kwenye simu, nabusu kioo kama mwendawazimu. Aliyempa mimba alikuwa ameingia mitini mapema. Kwa hivyo mtu wake alikuwa mimi, na mimi peke yangu, na unga wangu wa wimbi mkobani wa kumpikia uji.

Sasa, treni naijua, msinione mshamba. Nina kibanda cha supu Soko la Burma, na asubuhi napanda treni Embakasi, nashukia Makadara. Treni yetu ukikosa nafasi behewa hili, unarukia lile. Mradi limefungwa kwenye treni, mtafika pamoja, uwe mbele uwe nyuma. Hilo halina mjadala.

Treni ya kwanza ilinitesa kwa sababu ya mlango. Nilifika mahali pa kubadilisha, nikasimama na mzigo wangu nikingoja mlango ufunguke. Wapi! Kumbe ulitaka kubonyezwa kidude pembeni, na hakuna aliyeniambia. Ikaondoka nami. Nikashukia stesheni ya mbele, nikarudi, huku nikimtukana kimoyomoyo aliyetengeneza mlango huo. Binti akapiga. "Uko wapi, Mathe?" Nikamwambia niko karibu. Uongo mtupu, lakini ningesemaje?

Ya pili nilipanda vizuri. Binti alikuwa ameniagiza niingie behewa la mbele na nisihame, nami nikatii. Lakini tulipofika stesheni moja watu wote wakateremka, nikabaki peke yangu. Jamani, mtu wa mitaa yetu ya Eastlands ukimweka peke yake kwenye behewa tupu anafikiria nini? Anafikiria mkoba wake. Kwetu, treni ikibaki tupu namna hiyo, unatafuta wanawake wamekaa wapi, unajibana hapo, unawasalimia, na mzigo unaupakata. Nikaona kwa dirisha bibi wawili wakipanda huko nyuma. Nikashuka mbio na mizigo yangu, nikawafuata. Nikabonyeza kile kidude kama mwenyeji.

"Hamjambo akina mama," nikasema. Walishtuka kidogo, kisha mmoja akacheka, akanipa biskuti. Nikamwonyesha picha ya binti yangu na tumbo lake, akashika shavu kwa furaha. Sauti ikatangaza kitu huko juu, ikarudia tena. Mimi nikaendelea kula biskuti yangu. Roho ilikuwa imetulia kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani.

Treni ikasimama, ikatikisika. Nikatazama nje, nikaona jambo ambalo sijawahi kuona tangu nizaliwe. Mabehewa ya mbele yalikuwa yanaenda zao, na sisi tumebaki pale pale. Kisha tukaondoka sisi pia, tukashika reli nyingine.

Woi! Nilipiga nduru hadi yule bibi akaangusha kopo lake la biskuti. Akakunjua kiganja changu, akachora kwa kidole njia moja inayogawanyika mara mbili. Huku mji wa binti yangu. Huku sisi. Nikampigia binti, simu ikaita weee, haikuchukuliwa. Nikajua wamekwisha kumwingiza.

Yule bibi alishuka nami, akangoja nami hadi treni ya kurudi ikaja, akaninong'oneza maneno ambayo siyajui hata leo. Niliketi humo nikilia kwa sauti, na hakuna aliyenigeukia. Ndipo nilipotamani nyumbani. Nilitamani mtu yeyote wa Makadara aniulize, "Mathe, kwani ni nini?" Kwetu behewa zima lingekuwa limekwisha kujua shida yangu, na nusu yake wangekuwa wananiombea. Na nilimtamani mtoto wangu, si yule wa kwenye kioo, yule wa mgongoni mwangu.

Nilifika jua likizama. Mjukuu alikuwa ameshaoshwa na kuvishwa kofia, na mikono iliyompokea haikuwa yangu. Binti alikuwa amelala, midomo imemkauka. Nikamgusa paji la uso. Akafumbua macho.

"Umekuja."

"Nimekuja, mama. Nisamehe, treni imenipeleka kwingine."

Hakuniuliza wapi. "Nilikuita," akasema. "Kulikuwa na nesi mmoja mzee, alinishika mkono. Nikafumba macho nikajiambia ni wewe. Nikawa naita tu, Mathe, Mathe, mpaka usingizi ukanichukua."

"Naye?"

"Aliitika. Kila nikiita, aliitika."

Nilimwonea wivu yule mwanamke, na papo hapo nikatamani kumtafuta nimpigie magoti. Nikavuta kiti, nikaushika mkono wa mtoto wangu. Ulikuwa na joto, ulikuwa na uzito, kucha amezitafuna vile vile.

"Niite sasa," nikamwambia.

Akaniita. Nikaitika. Akaita tena, nami nikaitika, hadi akalala.