Lisansi ya Mdogo Wangu

Ijumaa tulimpoteza mdogo wangu Mwamba, mpiga picha. Jumamosi nilifungua kwenye simu picha zake za mitumbwi ya Kasenga. Chini ya kila picha paliandikwa: “Mwamba Kalenga, licence libre.”

Nilishtuka. Kumbe alisoma chuo kikuu cha Kasapa kimya kimya, akapata lisansi, shahada ambayo hakuna wa ukoo wetu aliyewahi kuipata! Hilo neno “libre”, yaani huru, nikadhani maana yake alisoma jioni, baada ya kazi.

Nikamwambia fundi wa msalaba aandike LISANSIE, yaani mwenye lisansi, kwa herufi kubwa. Nafasi haikutosha, jina likabaki M. K.

Makaburini nikasimama na kuwatangazia watu. Wakapiga makofi. Kabwe, mpiga picha mwenzake, akanisogelea, akaniita yaya, mkubwa wake, kama Mwamba alivyoniita.

“Yaya, lisansi gani?”

Nikampa simu. Akajishika mdomo.

“Hii haiko ya masomo, yaya. Iko ruhusa. Picha za bantu bengine, lazima uombe mwenye picha kwanza. Mwamba aliruhusu bantu bote bakamate picha zake bule. Aliomba kitu kimoja tu: bataje jina yake.”

Watu wote wakageuka kuutazama msalaba.