Nilivyoikataa picha ya Kisaki ya bibi mkwe nikiwa nimesimama stesheni

Wakuu, habari za mchana. Leo nasimulia aibu yangu mwenyewe, na sitaongeza chumvi, maana hivyo ilivyo imenitosha.

Mimi ni mwalimu wa history hapa Morogoro mjini. Mnyamwezi, nimeoa kwa Waluguru wa Mlali. Kwa hiyo ukweni mimi ni mtani mara mbili: kwa kabila, na kwa bibi wa mke wangu, anayeniita "mume wangu" na kunisema anavyotaka.

Bibi ana picha ya zamani ukutani. Wapagazi wa jeshi la Mjerumani, mizigo kichwani, nyuma yao kilima chenye vichwa viwili. Nyuma ya picha imeandikwa Kisaki.

Bibi anasema wa tatu kutoka mbele ni babu yake. Ushahidi wake ni masikio.

Huyo babu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, hakurudi, na kaburi halijulikani. Picha ndiyo kitu pekee walichobaki nacho.

Sasa mimi na ujuaji wangu. Nilialikwa Kisaki kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu. Nikashuka kwenye basi pale stesheni, nikatoa simu yenye nakala ya picha ya bibi, nikageuka pande zote. Kilima hakuna. Nikapiga picha zangu kama expert.

Niliporudi Mlali, mbele ya wakwe wote, hata chai haijamiminwa, nikatangaza.

"Shikamoo bibi. Ile picha si ya Kisaki. Nimefika mwenyewe."

"Marahaba."

Akainuka taratibu, akaishusha. Halafu akashusha na picha yetu ya harusi iliyokuwa pembeni.

"Na hii sijaihakiki. Huyu bwana harusi simjui katokea wapi."

Watu wakavunjika mbavu. Hata mimi nilicheka, ila nikamwona anazifunga zote mbili kwenye khanga bila kumtazama mtu. Iliniuma sana, wakuu.

Nikamtumia yule mwenzangu wa Kisaki ile nakala. Voice note ikarudi, nusu yake kicheko.

"Mwalimu, unafundisha nini huko? Stesheni imeletwa na reli, na reli ya huku imekuja juzi tu, miaka ya sabini. Vita vya Mjerumani unavitafuta stesheni? Kisaki ya zamani iko kule ndani."

Na hii ndiyo topic yangu darasani, kwamba majina ya mahali huhama. Huwa naitungia test kabisa.

Jumamosi nikarudi Kisaki. Bodaboda ikanifikisha kijiji cha zamani, na kilima kile pale, vichwa vyote viwili. Nikazunguka mpaka kikakaa sawasawa na kwenye picha.

Nikaenda moja kwa moja Mlali, nikachuchumaa mbele ya bibi.

"Bibi, ni Kisaki. Mimi ndiye niliyesimama mahali pasipo penyewe. Ila yule mtu wa tatu siwezi kuapa ni nani."

Akafungua khanga. "Wewe kilima umekijua kwa kwenda. Mimi masikio nimezaliwa nayo. Tundika."

Nikayatazama masikio yake. Nikatundika.

Nilichojifunza: kabla hujaikataa picha ya zamani, uliza jina lililoandikwa lilikuwa wapi siku picha inapigwa. Usiulize liko wapi leo.

Mwenye picha za kale za kwao aziweke hapa tuzichambue, kwa adabu lakini.

Ile ya harusi bado imo kwenye khanga. Bibi anasema uchunguzi unaendelea. Kama kuna mdau alihudhuria, naomba aje atoe ushahidi.