Nilivyompeleka Mzee Kuvua

Mimi sikuumbwa kukaa. Mama yangu alisema nilipoanza kutambaa nilielekea mlangoni, na ninamwamini. Kwetu Muleba, upande wa ziwani, kibanja cha baba kiligawiwa kaka zangu wakubwa, migomba na mibuni yote, mimi nikabakiwa na kipande cha mawe ambacho hata magugu yalikuwa yanaota kwa kusitasita. Kaka zangu wakaniambia nivumilie. Nivumilie nini, mawe? Nikapanda basi la kwenda Bukoba na kafi langu begani, abiria wakinicheka njia nzima, ati huyu anakwenda kupiga kafi barabarani.

Ilikuwa miaka ile baada ya Uhuru, kila mtu anaitwa ndugu na kila kazi inaitwa ya pamoja. Mtumbwi niliokuwa nautumia ulikuwa mali ya kikundi chetu cha wavuvi, wa mbao, mpana, unavuja palepale kila mwaka hata tuuzibe vipi. Siku za kazi tulitega nyavu. Jumapili kikundi kilinituma kuwapeleka wageni kuvua kwa ndoano: walimu wa kule Kahororo, madaktari, mabwana shamba, maofisa waliokuja mkoani kwa semina wakatamani kuonja ziwa. Nilichaguliwa mimi kwa sababu mdomo wangu haukauki. Kumwonyesha mgeni samaki walipo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpa maneno wakati samaki hawaji.

Na hali ya hewa ya ziwa letu, jamani, haina adabu. Mnaondoka maji yametulia, jua linawachoma shingo, mkifika karibu na kisiwa cha Musira upepo umegeuka na manyunyu yanawapiga usoni. Mnajifunika, jua linatoka. Mnajifunua, mvua inarudi. Wageni walikuwa wananiuliza, je, kutanyesha? Nawajibu ndiyo. Je, litawaka jua? Ndiyo. Sikuwahi kukosea. Sharti langu lilikuwa moja tu: ndani ya mtumbwi hakuna kusimama. Ukitaka kujinyoosha, subiri ufukweni.

Basi, katika kuhangaika kwangu nikampenda binti wa Ijuganyondo. Alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, anatufundisha wavuvi jioni chini ya paa la bati pale tunapoanikia nyavu. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne, lakini nilijiandikisha upya kama mtu asiyejua a wala be. Aligundua mapema sana, kwa sababu nilikuwa nasoma ubaoni kabla hajamaliza kuandika. Hakunisema mbele ya watu. Alinipa tu kazi ya kufuta ubao, ikawa namna yetu ya kubaki nyuma na kuongea.

Tatizo lilikuwa baba yake. Mzee yule alikuwa na kibanja kikubwa, mibuni iliyopaliliwa, na heshima kanisani na kwenye chama cha wakulima. Kwake mwanamume asiye na kibanja hajawa mwanamume bado, na sisi watu wa ziwani alituona kama kunguru, leo hapa kesho pale. Na tayari karani mmoja wa Kahororo, mwenye baiskeli na saa ya mkononi, alikuwa ametuma mshenga. Mzee hakuwa amejibu. Angejibu kahawa ikishaanikwa, na kahawa ilikuwa imeshaanza kuiva.

Nilitaka mjomba wangu apeleke posa yangu siku ileile. Binti akanizuia. Alikuwa anakunja kanga yake pembeni na kuikunjua, kama afanyavyo akiwa na wasiwasi.

"Akisikia mvuvi, atakataa kabla mjomba wako hajaketi," aliniambia. "Acha kwanza akuone ukifanya kazi yako. Baba akimwona mtu anayeijua kazi yake, hulainika."

Nilimwona ana akili kuliko mimi na mjomba wangu tukijumlishwa, na mpaka leo sioni alipokosea.

Nafasi ikaja yenyewe. Bwana kahawa mmoja, Mzungu, aliyekuwa anatembelea mashamba ya chama cha wakulima, alitaka kuvua Jumapili. Akamwalika mzee aende naye, na binti akamsihi baba yake asiukatae mwaliko wa mgeni. Wakaja baada ya misa ya kwanza. Mzungu kavaa kaptura. Mzee kavaa kanzu nyeupe, koti jeusi juu yake, kofia, na fimbo mkononi. Nilikuwa nimekunja gunia safi mahali pa katikati, pasipofikiwa na maji, nikampa mkono akapanda bila kunitazama.

Sasa lile sharti langu. Kwetu kijana hamwamuru baba wa msichana anayemtaka. Unampisha njiani, unainama, akisema jua ni mwezi unamwambia naam, tena umeandama. Ningewezaje kumwambia mzee yule usisimame? Nikalipeleka sharti kwa Mzungu, kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili cha polepole, nikitumaini mzee atapata lake humo. Mzee alisikiliza vizuri kabisa. Kisha akatikisa kichwa, akiwahurumia Wazungu ambao hata kukaa wanafundishwa.

Asubuhi hiyo nilifanya kazi kama mwendawazimu. Niliwapeleka kwenye mawe wanapojificha sato, upepo ukabadilika, nikawahamisha. Mvua ikatunyunyiza, nikawahamisha tena nyuma ya kisiwa. Kila samaki aliyekuja nilimtazama mzee kwanza, kisha samaki. Mzungu alipata sato mkubwa, akampima kwa mkono, akatabasamu, akamrudisha majini. Mzee aliduwaa. Alimtazama kama mtu aliyeona mkungu wa ndizi unatupwa barabarani. Akanigeukia mimi, mara ya kwanza siku ile, akaniuliza kwa Kihaya kama huyu mgeni ni mgonjwa. Nikamjibu kwamba wengi wao wako hivyo, na akacheka. Alicheka kweli, mabega yakatikisika! Nikajiona nimeshaoa.

Baada ya hapo akaanza kuniuliza habari za kazi: nyavu tunafuma wenyewe, upepo tunaujuaje, samaki wanazaa wapi. Nilimjibu kwa adabu, macho chini. Hakusema jambo lolote baya la watu wa ziwani. Alisema tu kwamba kazi hii nayo ina kilimo chake. Ningeweza kulia kwa furaha, lakini mvuvi anayelia mbele ya wageni anawatia hofu.

Upepo ukageuka tena, sasa unatoka nchi kavu, na ukatuletea kengele ya kanisa ya saa sita, safi kabisa juu ya maji. Wakatoliki wa kwetu wanajua kengele ile inataka nini. Popote inapokukuta, shambani, njiani, unasimama, unavua kofia, unasali Malaika wa Bwana. Wenye majembe wanayalaza chini. Wenye mizigo wanaitua. Mzee alikuwa ameifuata kengele ile tangu utoto wake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ndani ya mtumbwi ni tofauti. Akavua kofia, akaegemea fimbo, akasimama.

Niliona. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini ningemkatiza vipi mzee yule, katika sala, Jumapili, baada ya kucheka nami? Nikashika kingo zote mbili za mtumbwi, nikajifanya nasali pia, huku nikitazama upande wa ziwa, ambako maji yalikuwa yameanza kuwa meusi. Upepo wa ziwa ukarudi kwa ghafla ukaupiga ule wa nchi kavu, mtumbwi ukalala upande, na mzee akaenda majini na kofia yake mkononi.

Hakuwa anajua kuogelea. Watu wa vibanja hawajui. Kanzu ilivimba juu ya maji kidogo, halafu koti likaivuta chini. Nikaruka. Mvua ikashuka wakati huohuo, kubwa, hata sikumwona, nilimpata kwa mkono, kwa kushika kitambaa. Alinikaba shingo kama wafanyavyo wote wanaozama, tukashuka pamoja. Nikamvua koti kwa nguvu. Tulipotoka juu nikamfokea mtu niliyetaka awe baba mkwe wangu, kwa sauti ambayo sijawahi kumpigia hata mbwa.

"Niachie shingo! Lala chali, mzee, usipigane na mimi!"

Akaniachia. Akalala chali. Mzungu, namsifu hapa, hakupoteza akili. Alipiga magoti mtumbwini akatufikishia kafi, na tukamwingiza mzee kwa kumvuta kama gunia, kanzu imepanda mpaka kifuani. Nililazimika kuitazama miguu ya mtu ambaye kwa heshima sikupaswa hata kuutazama uso wake. Nilimwamuru akae chini. Nilimwamuru ashike ubao. Njia nzima ya kurudi, mawimbi yanatupiga na mimi napiga kafi, nilimwamuru, na alitii kila neno, akitetemeka, bila kuniangalia.

Nilipomkabidhi ufukweni kwa watu wake, nilijua yamekwisha. Nani atampa binti yake kijana aliyemfokea na kumwona nusu uchi? Wiki ile sikulala wala sikukaa. Nilifuma wavu nikaufumua. Nilikwenda kisomoni, nikakuta mwalimu hajaja. Nilitembea mpaka njia ya Ijuganyondo, nikarudi, nikaenda tena, watoto wakaanza kunisalimia kama mtu wa posta.

Halafu mzee akatuma mtu kuniita. Aliyetumwa alisema mzee yuko vizuri, ana furaha, na amesema nije nimevaa vizuri. Wee! Nilipaa. Mjomba alikuwa kwake Muleba, na kwa desturi mwenye haja hajisemei, posa husemwa na mshenga. Nikajiambia mzee mwenyewe ataanza, mimi nitaitikia tu. Labda binti amemwambia. Niliazima shati.

Nyumbani kwake sakafu ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi, kama kwa sherehe. Walikuwapo wazee wengine wa ukoo wao, na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mzee alinikaribisha karibu yake, upande wa kulia. Aliwasimulia wazee jinsi nilivyoruka, akaongeza na mawimbi ambayo mimi sikuyaona. Kisha akaletewa kisahani, na juu yake kulikuwa na tunda la kahawa na wembe.

Nikaelewa. Miguu yangu ilitaka kukimbia, na kwa mara ya kwanza maishani haikuweza. Ulikuwa mkago. Tunda moja la kahawa lina punje mbili, zimelala zikitazamana. Kila mtu anachanja ngozi karibu na kitovu, anapaka damu yake kwenye punje moja, mwenzake anaila. Mkishakula, mmekuwa ndugu wa damu, zaidi ya waliozaliwa tumbo moja. Watoto wake ni watoto wako. Kumwoa binti yake ni sawa na kumwoa wa kwako mwenyewe, na hakuna mzee wala mganga wa kulifungua hilo.

Mapadre hawakuupenda mkago. Mzee mmoja alikumbusha hilo, na mwenye nyumba akasema hakumwona padre akiruka majini.

Mimi ambaye mdomo wangu haukauki, nikaupokea wembe. Kukataa mkago mbele ya ukoo wa mtu ni kumwambia damu yake inanuka. Kusema namtaka binti yako, hapo, bila mshenga, wembe uko wazi, kungekuwa kama kumwambia nilikuvua ziwani ili unilipe. Na alikuwa ananitazama kwa macho ya upendo, yule mzee, mwenyewe kalainika kabisa. Tenda wema uende zako, walisema wahenga, na laiti ningekwenda zangu ufukweni siku ile. Nilikula punje. Ilikuwa chungu, na haikuhitaji damu ili iwe chungu.

Wazee walipiga makofi. Mzee akanishika mkono, akanitoa nje na kunionyesha kipande cha kibanja chake, migomba imebeba, mibuni myekundu, akasema ni changu kuanzia leo, ndugu yake hawezi kulala ufukweni. Kitu chenyewe nilichokosa! Nilishukuru.

"Ndugu zangu wa tumbo moja walikwisha kufa," aliniambia tuliporudi ndani. "Watu wa yule karani wa Kahororo wakija kwa posa, nilikuwa sina wa kukaa nami. Sasa utakaa wewe."

Akaita kwa sauti kuelekea jikoni, akaamuru kahawa iletwe, na binti aje amsalimu mtu wake mpya. Binti akaingia na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Alikuwa amekwisha kuambiwa, nilijua kwa jinsi kanga yake ilivyokunjwakunjwa ubavuni. Alipiga magoti juu ya zile nyasi mbele yangu, akaweka kikapu chini, akaniangalia mara moja tu, kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba mdogo."

Wazee wote walikuwa wananingoja. Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu."