Risiti za Chumba cha Gloria

Mzee Eliakim wa Itumba, wilayani Ileje, hakuwa mtu wa kuamini karatasi tupu. Cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, kadi ya kliniki ya mwanawe aliyezaliwa miaka thelathini na mbili iliyopita, hata ratiba ya mazishi ya mkewe, vyote alivipeleka steshenari vikapigwa lamineshini, vikavikwa plastiki ngumu, akavipanga kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Watu walimcheka. Walisema siku akifa atapitishwa kwenye mashine kwanza, ndipo azikwe. Alicheka nao, wala hakuacha. Ileje kuna baridi na unyevu, nyumba yake ya zamani ilivuja, na aliwahi kufungua sanduku akakuta barua za uchumba za mkewe zimeota koga. Ukishaona kitu kama hicho, kuchekwa si kitu.

Mwana huyo wa kadi ya kliniki ndiye Gloria, na hakuwa na mwingine. Alikwenda Kanada kusomea uuguzi, akapata kazi, akabaki. Mara ya mwisho alikuja kumzika mama yake, miaka sita sasa. Akakaa siku tisa, akaondoka alfajiri, kitenge chake akakiacha kimening'inia nyuma ya mlango. Kitenge kile hakikupigwa lamineshini kwa sababu moja tu, hakingeingia kwenye mashine.

Tangu hapo mzee alimkumbuka mwanawe mpaka akajionea aibu. Mtu mzima, mzee wa kanisa, anatoa vikombe viwili vya chai, halafu anarudisha kimoja kabatini huku akijikaripia. Kila Jumapili baada ya ibada Gloria alipiga simu, na kila Jumapili mzee aliuliza lile lile.

"Unakuja lini, mwanangu?"

"Nauli, baba. Mwaka huu nimebanwa."

Hakutaka kumsumbua. Badala yake akaanza kujenga. Alijiambia mtoto aliyezoea nyumba za Kanada hawezi kurudi kulala chini ya bati linalovuja na choo kiko uani, huenda ndiyo maana haji. Kwa hela ya kahawa ya misimu miwili akasimamisha boma la tofali za kuchoma, akaezeka. Vyumba vitatu, na kilichotazama milima kilikuwa cha Gloria. Yeye mwenyewe angetosheka na sakafu ya saruji. Chumba cha Gloria ndicho alichotaka kiwe na marumaru, dari ya jipsamu, dirisha la aluminiamu, choo cha kukaa humo humo ndani, na hita ya maji ya kuoga, maana asubuhi za Itumba si za mchezo.

Alipomweleza hayo kwenye simu, Gloria akasema, "Baba, tunza risiti zote. Huku mtu akipata nyumba mpya anarudishiwa sehemu ya kodi, hata ya vile vya kuongezea, marumaru, makabati na nini. Labda na huko ipo."

Lile neno labda mzee hakulisikia kabisa. Masikio yetu yana mlango wake wa kuchagua. Alichosikia ni kwamba serikali itamrudishia hela, na hela hiyo ni nauli ya Gloria. Angekata tiketi mwenyewe, angemtumia, halafu tuone kisingizio kitatoka wapi.

Akawa anashuka Tunduma kununua vifaa kwenye duka la Zabron, jirani na foleni ya malori ya mpakani. Zabron alikuwa amezoea wateja wa kutoka Zambia, basi kila mzazi alimwita kwa namna ya kwao, bashi wa fulani, yaani baba yake fulani.

"Bashi Gloria, na risiti au bila risiti? Bila risiti nakupunguzia."

"Na risiti."

"Mzee wangu, unajenga nyumba ya kulala, risiti utaila?"

"Andika risiti, Zabron."

Akalipa bei ya juu, safari baada ya safari, akauza na ng'ombe watano. Siku ya marumaru alimpigia Gloria picha za aina mbili, za rangi ya maziwa na za kijivu, akamtumia. Jibu lilikuja papo hapo. Za kijivu, baba, siku hizi ndizo ninazozipenda. Mzee akafurahi kama aliyepewa ahadi. Mtu hachagui sakafu asiyokusudia kuikanyaga, alimwambia Zabron, na Zabron akakubali huku akihesabu maboksi.

Chumba kilipokwisha, risiti, pamoja na za bati na saruji ya nyumba nzima, zilikuwa arobaini na tatu. Kila moja ilikuwa na kodi yake chini, na mzee alizijumlisha mara tatu mpaka jibu likatulia kwenye milioni tatu na laki saba. Aliulizia tiketi ya ndege, akaambiwa kiasi kisichopishana sana na hicho. Siku hiyo alitandika kitanda cha Gloria na kukitundika kile kitenge nyuma ya mlango mpya; tangu hapo akawa anakifuta chumba vumbi kila Jumamosi.

Kilichobaki kilikuwa kwenda ofisi ya kodi ya Tunduma. Lakini je, mtu kama Eliakim angepeleka serikalini risiti nyembamba kama ganda la kitunguu, nyingine zimeanza kufifia? Alizipanga vizuri ndani ya plastiki tano, akaenda nazo steshenari kwa Eva. Eva alikuwa amezidiwa na kazi ya kutoa kopi za mitihani. Alimwambia, "Mzee, mashine imeshapata moto, weka mwenyewe, si unaijua kuliko mimi?" Kweli aliijua. Akazilisha plastiki zote tano upande wa mbele, moja baada ya nyingine, nazo zikatokea upande wa nyuma. Alipozunguka kuzichukua, akakuta vipande vyeusi tii, vinang'aa.

"Eva, mashine yako imeunguza!"

Eva akageuka, akashika kichwa. "Yesu wangu! Mzee, hizi ni za EFD, zile mashine za risiti za kodi? Karatasi hizi hazina wino, zinaandikwa kwa moto. Ukizipitisha kwenye moto, karatasi nzima inageuka nyeusi!"

Mzee aliinua kimoja kwenye mwanga wa mlangoni, akatafuta jina la duka, tarehe, hata tarakimu moja. Eva, ambaye kila siku alikuwa wa kwanza kumtania, aliinama akakataa hela yake.

Kesho yake alikwenda hivyo hivyo. Alijipiga moyo konde kwamba serikali ina kompyuta zake. Mtumishi wa dirishani, dada wa umri wa Gloria, alimsalimia shikamoo, akapokea vile vipande vyeusi, akavigeuza, asicheke.

"Baba, risiti kuungua kusikuumize sana. Kumbukumbu zake kwetu zinaonekana. Ila hata zingekuwa nyeupe, anayedai kurudishiwa kodi hii ya VAT ni mfanyabiashara aliyesajiliwa. Wewe umejenga nyumba ya kuishi, kodi inaishia kwako."

"Yote?"

"Yote, baba. Pole sana. Kwani nani alikuambia inarudishwa?"

"Binti yangu. Yuko Kanada."

"Aa, kwao huko labda ipo," dada yule alisema kwa upole, akimrudishia plastiki zake. "Amejenga huko?"

Mzee alifungua mdomo aseme hapana. Halafu akakumbuka maneno ya mwanawe: nyumba mpya, marumaru, makabati, na zile picha zilizojibiwa kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Nani anayejua habari za kurudishiwa kodi kiasi kile, kama si mtu aliyejaza fomu yake? Akasema asante, akatoka nje, akasimama kando ya malori kwa muda mrefu bila kujua anakwenda upande gani.

Jioni alikaa kwenye kitanda kisicholaliwa na mtu, akampigia Gloria kwa video. Huko ilikuwa mchana. Uso wa mwanawe ukajaa kwenye kioo, mnene kidogo, mzuri, na hamu aliyokuwa nayo ikampanda upya hata akasahau hasira aliyokuja nayo.

"Gloria, mwanangu. Umenunua nyumba?"

"Nilitaka kukuambia, baba. Kila Jumapili nilitaka. Halafu unaniuliza nakuja lini, nashindwa."

"Nionyeshe."

Akageuza simu. Sebule, jiko lenye makabati meupe, korido, na chini, kutoka ukuta hadi ukuta, marumaru za kijivu. Mzee aliinamisha macho akatazama zake mwenyewe chini ya miguu, kisha akarudi kwenye kioo.

"Umeziona, baba? Zinafanana na zako."

"Nimeziona. Vyumba vingapi?"

"Vitatu." Simu ikasogea hadi kwenye mlango, ikaingia. Kilikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri, na ukutani picha ya milima ya Ileje. "Hiki ni chako. Siku ukija kina kila kitu, na maji ya moto."

Mzee Eliakim, ambaye hajawahi kupanda ndege na ana miaka sabini na moja, alikitazama chumba kile. Alijua chumba cha namna hiyo kinagharimu nini. Alijua pia mtu anavyokifuta vumbi kila Jumamosi.

"Kizuri," alisema. "Risiti zake umetunza?"

"Nimetunza zote."

"Vizuri, mwanangu. Usizipige lamineshini."